Shokapu zilitoka Japani, kosa lilikuwa gereji: kisa cha Roadster moja

Gari lilikuwa limekaa upande. Si sana, mtu asiyelijua angepita bila kuona, lakini mwenyewe alikuwa amesimama hatua tano nyuma yake, mikono kiunoni, na hakuwa anaona kingine. "Fundi, hizi shokapu ni feki," aliniambia hata salamu hatujamaliza. "Nimepigwa."

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster kuanzia mwaka 1989. Msimbo wa chesisi ni NA6CE: injini ya lita 1.6, uzito wa kilo 940 hivi, na kila gurudumu lina mikono miwili, yaani vyuma vinavyolishika kwenye chesisi, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Ni gari jepesi lililotengenezwa kwa kona kuliko kwa mwendo wa kunyooka, na shokapu zikifa raha yake yote inakwisha. Zake zilikuwa zimekufa. Akaagiza seti mpya ya koilova kutoka Japani, yaani shokapu zenye nyuzi mwilini na springi inayokaa juu ya kiti unachoweza kukipandisha na kukishusha. Ikafika, ikafungwa, na wiki sita baadaye alikuwa na malalamiko manne. Gari limekaa upande. Kwenye tuta kuna kitu kinagonga. Barabara ikiharibika kidogo linarukaruka kama mbuzi. Na tairi la nyuma kushoto linalika upande wa ndani.

Alikuwa ameshaandika barua ya madai kwa muuzaji na ameshatafuta boksi la kurudishia shokapu mbili. Nilimwomba asifunge boksi kwanza, anipe siku mbili. Sikuwa na imani maalumu na mtengenezaji yule. Nilichokiona ni kwamba malalamiko manne kwa mpigo ni mengi mno kwa shokapu mpya, na mengi yalinukia spana kuliko kiwanda.

Jinsi mzigo ulivyonunuliwa

Nianze na alichofanya vizuri, maana hapa ndipo watu wengi huumia. Hakuagiza kwa jina la gari na mwaka. Alipiga picha kibati cha chesisi akamtumia muuzaji. Kwa gari hili ni jambo kubwa: NA6CE na NA8C (ile ya lita 1.8) zinafanana kwa nje, kizazi cha pili kina misimbo yake inayoanza na NB, na vipuri vingi vinaingiliana lakini si vyote. Mwaka wa kwenye kadi ya gari unaweza kuwa mwaka wa usajili, si wa kutengenezwa. Msimbo wa chesisi haukudanganyi hivyo.

Kilichomponyoka ni mauntingi za juu, ile kofia inayoshika kichwa cha shokapu na kufungwa kwenye bodi. Seti yake ilikuja bila hizo, na tangazo lilisema hivyo kwa mstari mmoja chini kabisa. Fundi akahamisha zile za zamani zenye mpira wa miaka thelathini na kitu. Wanaolijua gari hili hupenda kufunga mauntingi za NB kwenye NA, kwa sababu zinaipa shokapu nafasi zaidi ya kushuka kabla haijafika mwisho. Ukiagiza kila kitu pamoja, mzigo ni mmoja. Ukikumbuka baadaye, unalipa usafiri mara mbili.

Usafiri nao una hesabu yake. Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hazitozi kwa mizani tu. Zinapima boksi kwa sentimita, urefu mara upana mara kimo, zinagawanya kwa 5000, kisha zinatoza kilo zozote zilizo nyingi. Boksi lake lilikuwa 75 kwa 50 kwa 40, sawa na kilo 30, wakati vyuma vyenyewe vilikuwa kilo 24. Muuzaji alikuwa amejaza karatasi laini kila upande kwa nia njema, na mteja akazilipia karatasi nauli ya ndege.

Halafu gesi. Shokapu za namna hii zimejazwa naitrojeni kwa shinikizo, na katika usafirishaji vitu vya hivyo vina namba yake, UN3164. Mara nyingi shokapu husafiri bila lebo ya hatari zikitimiza masharti fulani ya ujazo na shinikizo, lakini ni lazima karatasi zieleze hivyo. Ankara yake iliandikwa "vipuri vya gari", basi. Mzigo ukakaa siku tisa ukisubiri maelezo. Kama ankara ingeandikwa kwamba ni shokapu nne mpya za gari dogo, pamoja na namba ya ushuru 8708.80, angeokoa siku hizo. Tarakimu sita hizo ni za mifumo ya kusimamishia gari na sehemu zake, na ni zilezile karibu kila nchi. Zinazofuata ndizo kila nchi inajiongezea. Bei aliyolipa kwa muuzaji haikuwa na ushuru ndani yake. Hilo alilijua alipopigiwa simu na wakala wa forodha, na sauti yake bado inapanda akilisimulia.

Kosa ambalo lingemgharimu kweli ni jingine. Boksi lilifunguliwa gereji, na fundi aliyekuwa na haraka zake. Hakuna aliyelipiga picha likiwa limefungwa, na hakuna aliyezijaribu shokapu kabla ya kuzifunga. Kuzijaribu hakuhitaji mashine. Unaisimamisha shokapu wima bila springi, unaweka marekebisho ya zote nne sawa, unaisukuma shafti chini kwa uzito wa mwili wako. Inatakiwa ishuke polepole bila kushtuka, na ukiachia ipande yenyewe. Ikibaki chini, gesi imetoka. Ikishuka bure katikati kisha ikakaza, kuna hewa ndani ya mafuta. Dakika kumi kwa zote nne. Baada ya kufungwa, kila shaka linakuwa la fundi na muuzaji kurushiana.

Namba nne kwenye karatasi

Sikugusa spana siku ya kwanza. Niliegesha gari mahali pa tambarare, nikalisukuma mbele na nyuma bila breki ili magurudumu yatulie, nikapima kutoka katikati ya kifuniko cha gurudumu hadi ukingo wa fenda. Kupima kutoka ardhini ni kujidanganya, maana upepo wa tairi na uchakavu wake vinaingia kwenye hesabu. Nikapata mbele kushoto milimita 338, mbele kulia 329, nyuma kushoto 334, nyuma kulia 333.

Tofauti ya milimita tisa mbele, na nyuma pako sawa. Kama springi moja ingekuwa mbovu au si ya seti, ningetegemea kuikuta kwenye maandishi yake. Nikalala chini na tochi. Springi za Japani huchapwa namba ubavuni, na zake za mbele zote mbili ziliandikwa 65-178-080: kipenyo cha ndani milimita 65, urefu 178, ugumu kilo 8 kwa kila milimita. Kushoto na kulia ni ndugu. Viti vya springi navyo vilikuwa kwenye uzi uleule, nilipima kwa rula.

Basi nikampigia fundi aliyezifunga. Alikuwa muungwana, hakujitetea, na jibu lake lilikuwa na kila nilichokihitaji. Alisema upande wa kushoto uliingia vizuri, akaufunga wote gari likiwa juu ya lifti, miguu inaning'inia. Upande wa kulia tundu la chini lilikataa kulingana, ikabidi aweke jeki chini ya mkono wa chini na kuuinua ndipo boliti ikapita. "Nikakaza hapohapo, kaka, nisije nikaipoteza tena."

Hapo ndipo kisa chote kilipo.

Bushi za mpira za gari hili, zile zinazokaa pale mikono inapofungwa kwenye chesisi, kama za magari mengi, hazizunguki kama beringi. Mpira umegandishwa kwenye bomba la chuma la ndani na la nje. Boliti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa na chesisi, halisogei tena. Mkono ukipanda na kushuka, kinachofanya kazi ni mpira kujisokota. Unapokaza gari likiwa hewani na mguu umening'inia, unauambia mpira kwamba hapo ndipo nyumbani kwake. Ukishusha gari chini, mkono unapanda sentimita kadhaa, na mpira unabaki umejisokota mchana na usiku, ukisukuma mkono urudi chini. Umeongeza springi ambayo hukuinunua. Gari linakaa juu kuliko linavyostahili, linakuwa gumu kwa namna ya ajabu, na mpira wenyewe unaanza kuchanika taratibu. Kushoto mpira ulisokotwa safari nzima, kulia nusu ya safari. Milimita tisa zako hizo hapo.

Siku ya pili tulilipandisha gari kwenye rampu nne ili magurudumu yabebe uzito kama barabarani na mimi nipate nafasi ya kuingia chini. Nililegeza boliti za mikono moja baada ya nyingine, ya juu, za chini, na ya tako la shokapu, yaani ncha yake ya chini. Za nyuma zilikubali kwa mlio mkavu, isipokuwa moja nitakayoirudia. Ya mkono wa juu wa mbele kushoto ilipolegea, gari lilitoa sauti ya "tuk" nzito kama mtu aliyekaa kwenye kiti chakavu, na mwenye gari akarudi nyuma hatua mbili.

"Nini hicho?"

"Hizo ni shokapu zako feki," nikamjibu.

Nikalitikisa bodi, nikapima tena. Mbele kushoto 327, kulia 326, nyuma kushoto na kulia 327. Kushoto mbele kulikuwa kumebebwa milimita 11 na mpira peke yake.

Springi isiyobanwa

Lalamiko la kugonga halikuhusiana na bushi, ingawa fundi yuleyule ndiye aliyelisababisha. Nilipoinua gurudumu la mbele likaning'inia, nilishika springi kwa vidole viwili nikaizungusha. Ilizunguka. Ilicheza juu na chini karibu milimita 14 kabla ya kugusa kiti. Kila gari linapovuka tuta na gurudumu kushuka, springi inaachia kiti chake, kisha inakipiga inaporudi. Kelele yake ndiyo hiyo.

Koilova hizi zina sehemu mbili za kurekebisha. Kiti cha springi kiko juu, na chini kuna tako la shokapu lenye nyuzi zake, linaloweza kufupisha au kurefusha shokapu nzima bila kugusa springi. Kimo cha gari kinatakiwa kirekebishwe kwa tako. Kiti ni cha prilodi, yaani springi ikandamizwe kiasi gani mguu ukiwa unaning'inia. Fundi alitaka gari lishuke, akaona pete mbili za kiti zenye nyuzi karibu na macho yake, akazishusha. Tako aliliacha kama lilivyotoka kiwandani. Gari lilishuka, ndiyo, lakini kwa kula nafasi ya shokapu.

Hesabu yake inafaa kuonwa. Nilipima gurudumu na shokapu: gurudumu likipanda milimita 50, shokapu inafupika 35. Uwiano ni 0.7. Kona moja ya mbele ya gari, yaani sehemu inayokalia gurudumu moja, ina karibu kilo 220 zinazobebwa na springi, dereva akiwa ndani, lakini kwa uwiano huo springi inahisi 220 kugawa kwa 0.7, yaani kilo 314. Ugumu ni kilo 8 kwa milimita, kwa hiyo gari likisimama springi imekandamizwa milimita 39. Shafti ya shokapu, kutoka kunyooka kabisa hadi kugusa mpira wa kikomo, ilikuwa na milimita 70. Kama springi ingekuwa imegusa kiti tangu mwanzo, zingebaki 31 za kuchezea. Lakini kiti kilikuwa chini kwa 14 zaidi, hivyo shokapu ilikuwa imezama 53 na imebakiza 17. Kwenye gurudumu hizo ni milimita 24. Shimo la kawaida tu linazimaliza. Mpira wa kikomo ukiguswa, kona ile inakuwa na springi ya pili ngumu kuliko ya kwanza, na gari linaruka.

Sikutaka aamini hesabu yangu bure. Nilifunga kile kijikamba cha plastiki cha kufungia nyaya kwenye shafti, nikakisukuma hadi kwenye sili, ule mpira wa mdomoni mwa shokapu unaozuia mafuta, nikamwambia aende mzunguko mmoja wa njia aliyoizoea. Shokapu inapozama, sili inakisukuma kijikamba, na kinabaki pale ilipofika. Alirudi, tukaangalia kwa tochi. Kijikamba kilikuwa kimejichimbia kwenye mpira wa kikomo, kimeacha alama. Alikaa kimya muda mrefu kidogo. Nadhani ndipo barua ya madai ilipoanza kumsumbua.

Marekebisho yenyewe hayakuchukua muda. Kiti nilikipandisha milimita 17, yaani 14 za kuziba pengo na 3 za kukandamiza, springi ikakaa kimya mguu ukiwa hewani. Hiyo peke yake ingelipandisha gari milimita 24 kwenye fenda, kwa hiyo tako nililizungusha kufupisha. Nyuzi zake ni za milimita 2, mizunguko sita ni milimita 12. Matokeo: fenda ilisimama kwenye 334, juu kidogo kuliko ilipozama baada ya kulegeza bushi, na shokapu sasa ina milimita 34 za nafasi, karibu 49 kwenye gurudumu. Mara mbili ya mwanzo, na kwa macho gari bado liko chini kuliko la kiwandani. Nyuma nikarudia vivyo hivyo kwa namba zake.

Kisha, na hili husahaulika hata na wanaolijua la bushi, boliti za mikono zikakazwa baada ya kimo kipya kupatikana, magurudumu yakiwa na uzito, kwa spana ya kupimia na kipimo cha kitabu cha gari. Ukibadilisha kimo kesho kwa sentimita mbili, unalegeza na kukaza upya. Hakuna njia ya mkato.

Vitufe vya juu vya kurekebisha ugumu wa shokapu nilivikuta vyote vimefungwa hadi mwisho. "Si ni gari la spoti?" fundi aliniambia kwenye simu. Shokapu iliyofungwa hivyo hairuhusu gurudumu kushuka haraka baada ya tuta. Matuta yakifuatana, gari linazama zaidi kila moja, mpaka linakaa kwenye mpira wa kikomo. Nilirudisha kliki kumi kutoka mwisho mbele na kumi na mbili nyuma, nikamwachia mwenyewe atafute anachokipenda, kliki mbili mbili, mbele kwanza.

Kisichokuwa kosa la mtu

Kulikuwa na shokapu moja ya nyuma yenye mafuta kidogo kwenye shafti, na mwenye gari alikuwa ameipiga picha kama ushahidi mkuu. Nilifuta kwa kitambaa safi, tukaendesha, tukaangalia. Utando mwembamba, haudondoki, vumbi halijatengeneza tope. Sili inatakiwa iache unyevu kidogo, vinginevyo ingejikausha na kuchanika. Ikidondosha ndipo tuongee.

Ugumu uliobaki baada ya yote haya pia ulimsumbua, na hapa nilimwambia ukweli ambao hakuupenda. Muuzaji alimpa kuchagua: springi za kilo 6 mbele na 4 nyuma, au 8 na 6. Akachukua 8 na 6 kwa sababu zilikuwa namba kubwa zaidi. Kilo 8 kwa milimita ni niutoni 78.5. Ukizidisha kwa 0.7 mara mbili, maana uwiano unaingia mara mbili kwenye ugumu, gurudumu linaona niutoni 38.5 kwa milimita. Kwa kilo 220 kona hiyo inadunda kama mara 2.1 kwa sekunde. Gari la kawaida la familia liko kati ya mara 1 na 1.5. Springi za kilo 6 zingempa 1.8, ambayo mtu anaweza kuishi nayo kila siku. Zaidi ya 2 ni eneo la magari ya mashindano, na barabara ya kila siku haijui kama unashindana. Mtengenezaji alimpa hasa alichoagiza.

Muuzaji, kwa upande wake, alijibu ujumbe wa kwanza wa mteja, wa kabla ya ile barua ya madai, ndani ya siku mbili na kuomba video ya mguu ukining'inia, picha ya lebo, na picha ya nyuzi. Nilipoiona orodha hiyo nilicheka. Video ya kwanza tu ingemwonesha springi inayozunguka bure. Picha ya nyuzi ingemwonesha meno ya spana ya bomba, kwa sababu spana ya ndoano iliyokuja kwenye boksi ilipotea na fundi alizungusha pete kwa alichokuwa nacho. Nauli ya kurudisha ilikuwa ya mteja. Angepeleka vyuma vizima ng'ambo kwa gharama yake, vikaguliwe, virudishwe na jibu la hapana.

Boliti ya nyuma kushoto

Lilibaki tairi linalolika. Gari lilifanyiwa wili alaimenti, yaani kupangwa pembe za magurudumu, siku ileile ya kufungwa shokapu, bushi zikiwa zimejisokota na kimo kikiwa cha uongo. Mikono miwili ina tabia hii: kimo kikibadilika, pembe za gurudumu zinabadilika nalo. Karatasi ya alaimenti ilikuwa halali kwa gari ambalo halikuwepo tena jioni ile.

Kuinama kwa gurudumu ndani, kemba, watu hulilaumu sana, lakini kwa kiasi cha digrii moja na nusu halimalizi tairi ndani ya wiki sita. Kinachomaliza ni gurudumu kuangalia nje au ndani likiwa linakwenda mbele, kwa sababu tairi linaburutwa kila mita. Nyuma kushoto lilikuwa linaangalia nje, na mwenye gari aliwahi kusema kwamba akiachia mafuta katikati ya kona mkia unakuwa mwepesi. Ni jambo hilohilo, kwa lugha ya usukani.

Kwa nini fundi wa alaimenti hakulirekebisha? Kwa sababu hakuweza. Mkono wa chini una boliti ndefu zenye kichwa kisicho katikati, ukizizungusha mkono unasogea ndani au nje. Kwenye magari haya, zikikaa miaka bila kuguswa, boliti inashikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi na kuwa kitu kimoja. Yeye alirekebisha tatu zilizokubali, ya nne akaiacha, na mashine ikachapisha karatasi yenye namba moja nyekundu ambayo hakuna aliyeisoma.

Ndiyo ile iliyonigomea pia. Nilijaza mafuta ya kutu jioni, nikarudi asubuhi. Nati ilitoka, boliti haikusogea. Nilipoizungusha kwa bomba refu, bushi nzima ilizunguka nayo, mpira ukachanika kwa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa. Moto ungeunguza mpira uliobaki na kujaza gereji moshi bila kuahidi chochote. Tulichukua msumeno wenye blede ya chuma, tukapitisha kwenye upenyo mwembamba kati ya bushi na chesisi, tukakata boliti pande zote mbili. Blede tatu, saa moja na nusu, na shingo yangu. Mkono ukatoka, bushi ikasukumwa kwa presi, bushi mpya na boliti mpya zikaingia zikiwa zimepakwa grisi kwenye chuma. Halafu tena rampu, tena kukaza gari likiwa chini, tena alaimenti.

Barua ya madai haikutumwa. Aliifuta, akaandika nyingine kwa muuzaji yuleyule, akaagiza springi mbili za 65-178-060 kwa ajili ya mbele na mauntingi nne za NB, safari hii ankara ikieleza kila kitu kwa jina. Aliponitumia nakala ya oda nilimwambia asiwe na haraka ya kuzifunga mwenyewe zikifika. Kilo 314 kwenye springi ya 6 ni milimita 52, siyo 39, kwa hiyo viti vinapanda, matako yanazungushwa, na boliti zote za mbele zinalegezwa tena.